Habari za Fahali na Habari za Nyasi

Wahenga walituachia usemi kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Usemi huo tumeusikia tangu utotoni, tukautaja mikutanoni na barazani hata ukawa kama salamu. Lakini ni mara chache tunapojiuliza jambo moja lililo dhahiri: kwamba vita vikisha kwisha fahali huandikiwa vitabu, ilhali nyasi huota tena bila ya mtu kuziuliza yaliyozipata.

Leo tungependa kuzungumza na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, na vilevile na ndugu zetu watumishi wa Serikali walioko mikoani na wilayani, juu ya jambo ambalo pengine baadhi yao wataliona dogo, nalo ni kusoma habari za vita na riwaya za kihistoria kwa ajili ya kujifurahisha. Tunalizungumza kutoka Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako kazi za Chama zimetuweka kwa muda sasa, mbali na bahari na mbali na harufu ya karafuu. Huku jioni huingia baridi, watu hujifungia mapema, na mgeni asiye na jamaa hana budi kutafuta wa kuzungumza naye. Sisi tulizungumza na vitabu.

Tukiri tangu mwanzo kwamba tunavipenda vitabu vya vita. Mapenzi hayo hatukuanzia skuli. Tuliyapata chuoni, juu ya jamvi, siku ambazo mwalimu wetu akimaliza kutusikiliza aya zetu hutusimulia habari za Badri na za Uhud. Tulikuwa watoto, na watoto hupenda farasi na panga. Lakini hata wakati ule kisa cha Uhud kilitushughulisha kuliko kingine chochote, kwa kuwa hicho hakikuwa kisa cha ushindi. Tulielezwa jinsi wapiga mishale hamsini walivyowekwa juu ya kilima wakaamrishwa wasibanduke kwa lolote, na jinsi wengi wao walivyoshuka kukimbilia ngawira walipodhani kuwa mambo yamekwisha, hata wapanda farasi wa Khalid bin Walid wakazunguka kwa nyuma na hali ikageuka. Baadaye tulikuja kukiona kisa hicho katika Utenzi wa Vita vya Uhud, uliokusanywa na Haji Chum na kuchapishwa mwaka 1962. Huyo ndiye aliyekusanya pia msamiati wa Kikae cha Makunduchi, kwa hiyo sisi wa visiwani tuna haki ya kujivunia kazi yake.

Wala jambo hili si geni katika lugha yetu. Utenzi wa Tambuka, ambao ni katika tenzi za Kiswahili za kale kabisa zilizohifadhiwa, ulitungwa Pate mwaka 1728, nao ni habari ya vita. Wadachi walipoingia mrima na Abushiri bin Salim akasimama kuwapinga mwaka 1888, hata akanyongwa Pangani Desemba 1889, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliyaandika hayo kwa utenzi. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipata utenzi wake kwa Abdul Karim bin Jamaliddini, na mwaka 1969 vikapata tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Mwalimu Nyerere naye, ilhali nchi ilikuwa changa na kazi zimemjaa mikononi, alipata wasaa wa kuifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ikatoka mwaka 1963. Basi yule ofisa anayedhani kwamba kusoma habari za Warumi au za Wadachi ni kupoteza saa za kazi, na amwulize nafsi yake kama yeye ana shughuli nyingi kuliko zile alizokuwa nazo Mwalimu.

Hata hivyo, jambo lililotusukuma kuandika makala haya si hoja ya ofisa. Ni swali tuliloulizwa na mzee mmoja.

Mzee huyo anaishi katika kijiji kilichoko kando ya njia itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Tulifika kwake kwa shughuli za tawi, mvua ikatuzuia, tukakaa barazani kwake tukiwa na kitabu mkononi. Kilikuwa Kuzama kwa Idi Amin, cha Baldwin Mzirai, kilichotoka mwaka 1980. Akatazama jalada, akauliza, "Hicho kinasema nini, mwanangu?" Tukamjibu kwamba kinasimulia Vita vya Kagera. Akauliza tena, "Na wewe unakisoma kwa ajili ya kazi?" Tukasema la, mzee, tunakisoma kwa raha yetu tu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mimi nilikuwako huko. Sikujua kwamba ina raha."

Wasomaji wetu, tumesoma vitabu vingi lakini ni vichache vilivyotunyima usingizi kama maneno hayo. Na tumeona ni wajibu wetu kulitafutia swali lile jibu la haki, badala ya kulipita kwa heshima ya mdomoni.

Tuanze na mambo ya karibu na hapa tulipo. Katika bandari ya Kigoma inajulikana sana meli iitwayo Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka huko hadi ziwani, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Waingereza wakaleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, wakazipitisha nchi kavu katika milima ya Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha meli yao kubwa kwa mikono yao wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili zisiharibike. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari zake kwa jina ililonalo.

Nani ataweza kusema kwamba kisa hicho hakina ladha? Mwandishi wa Kiingereza C. S. Forester alichota humo riwaya yake The African Queen, iliyotoka mwaka 1935, na mwaka 1951 ikatengenezewa filamu iliyoonyeshwa dunia nzima. Tuliisoma riwaya hiyo kwa furaha, hatukatai. Ila tukiwa huku Kigoma tuliona jambo ambalo pengine tusingaliliona kama tungaliisomea Mji Mkongwe. Katika kurasa za mwanzo jeshi la Wajerumani linawachukua wanakijiji wote, wake kwa waume, pamoja na mifugo yao, na kijiji kinabaki kitupu. Kisha hadithi inawafuata Wazungu wawili katika mashua yao hadi mwisho. Wale wanakijiji hawarudi tena, wala hakuna anayeuliza walipelekwa wapi.

Sisi tunajua walipelekwa wapi. Walipelekwa kubeba mizigo. Katika vita vile vya 1914 hadi 1918 jeshi halikwenda popote pasipo vichwa na mabega ya watu, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama na barabara hazikuwapo. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu zao wenyewe za wapagazi waliokufa zinakaribia 100,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, na kwa njaa. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi hicho cha wapagazi, ingawa wengi wanaokwenda kununua vitu pale hawalijui hilo. Wabelgiji nao waliotoka Kongo, waliotwaa Kigoma tarehe 28 Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba, walikuja na wapagazi kwa maelfu. Nchi hii ya Buha, yenye Kasulu na Kibondo, ilikaa chini ya Wabelgiji hadi Machi 1921 ndipo ikakabidhiwa kwa Waingereza. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na haukupita muda mrefu akatoa kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1920. Fahali huyo aliandika mwenyewe. Mpagazi wa Heru au wa Muhambwe hakuandikiwa na mtu.

Wala wasomaji wetu wa visiwani wasije wakadhani kwamba hili ni la bara tu. Hakuna mtoto wa Unguja asiyeambiwa kwamba vita vya tarehe 27 Agosti 1896 vilikwisha kwa dakika 38, na kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani. Tunalisema hilo kwa watalii huku tukicheka. Lakini katika dakika hizo watu wapatao 500 wa upande wa Sayyid Khalid bin Barghash waliuawa au kujeruhiwa, na manowari za Kiingereza zilijeruhiwa baharia mmoja. Watu 500 katika mji mdogo kama ule ni nyumba ngapi zilizolia? Dakika tunazijua barabara, majina hatuyajui. Na tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya macho ya watu wa mjini, hapana shaka kila baraza la Unguja lilikuwa na masimulizi yake. Masimulizi hayo yamekufa pamoja na waliokuwa nayo.

Hapa ndipo tunapoona kazi ya riwaya. Historia inahitaji hati, na mpagazi hakuacha hati. Riwaya inaweza kuingia pale ambapo hati haifiki, mradi isijifanye kuwa ni hati. Ebrahim Hussein alitufundisha adabu hiyo alipoeleza kwamba Kinjeketile wake ni wa ubunifu, ingawa asili yake imo katika historia. Adam Shafi aliichukua migomo ya makuli wa bandari ya Unguja ya mwaka 1948, akaandika Kuli, iliyotoka mwaka 1979, na vijana wengi waliijua habari hiyo kwa riwaya kabla ya kuijua kwa historia. Na mzaliwa mwingine wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameandika habari za askari na raia wa zama za Wadachi, hasa katika Afterlives ya mwaka 2020. Riwaya yake ya mwaka 1994 tunayo sasa kwa lugha yetu, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022. Humo msafara wa biashara unatoka pwani kuja bara, na mwishoni kijana Yusuf anaukimbilia msafara wa askari. Tulipoifunga tulijiuliza kwa muda mrefu: amekimbilia nini kijana yule? Swali hilo ni faida kubwa kuliko tarehe kumi zilizokaririwa kwa ajili ya mtihani.

Lakini bado hatujamjibu mzee.

Mtu anayesoma habari za vita akiwa Kasulu hasomi akiwa mbali. Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na vijiji vya Kigoma vikawapokea kabla ya mashirika kufika. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta wengine, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu katika Wilaya ya Kasulu. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walirundikana Kagunga, katika ukanda mwembamba kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawaingilia. Na chombo kilichotumwa kuwachukua kuwaleta Kigoma, ili wapandishwe mabasi kwenda Nyarugusu, kilikuwa Liemba. Meli ile ile iliyoundwa kwa ajili ya vita vya fahali, iliyoandikiwa riwaya ikatiwa katika filamu, miaka mia moja baada ya kushushwa majini ilikuwa inabeba nyasi. Tumeongea na akina mama waliopanda meli hiyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na habari ya riwaya, wala hatukuona sababu ya kuwasimulia.

Basi je, tuache kusoma? Tulilifikiria hilo kwa dhati. Na tungaliweza kuwapa wasomaji jibu la haraka, kwamba vitabu vya vita vinafundisha uzalendo na mambo yakaishia hapo. Lakini jibu hilo si kamili. Kitabu kinachosimulia ushindi mtupu kinafundisha majivuno, na mwenye majivuno ndiye wa kwanza kuvitamani vita asivyovijua.

Jibu tulilipata kwa mzee mwenyewe, tuliporudi kwake wiki chache baadaye. Safari hii alituomba tumsomee. Tukamsomea jinsi majeshi ya Amin yalivyoingia Kagera Oktoba 1978 na jinsi daraja la Kyaka lilivyovunjwa. Jinsi jeshi letu lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilivyokuzwa kwa wiki chache hata likapita 150,000, wakiwamo mgambo kwa makumi ya maelfu. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali, na mara mbili alitusahihisha, mara moja juu ya matope na mara nyingine juu ya viatu. Tulipofika kutaja Lukaya alituambia tusimame.

Wenye kuzijua habari za vita hivyo wanakumbuka kwamba Lukaya, Machi 1979, brigedi ya 201, ambayo wengi wa askari wake walikuwa mgambo, ilipigwa na roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikatawanyika usiku. Siku ya pili ilijipanga upya, na brigedi ya 208 ikaja kwa upande mwingine, ndipo ushindi ukapatikana na njia ya kwenda Kampala ikafunguka. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mzee akasema, "Ule usiku wa kwanza, mwanangu, mimi nilikimbia. Nilirudi asubuhi, lakini nilikimbia. Nilikuwa na mwenzangu wa kijiji hiki hiki. Yeye hakurudi." Akaongeza kwamba tangu mwaka 1979 watu wamempigia makofi kila sikukuu ya mashujaa, na jambo hilo hajapata kumwambia mtu.

Hatukuwa na la kusema. Likatujia lile la chuoni. Yeye ni Mkristo, lakini kisa ni kisa; tukamsimulia Uhud. Tukamwambia habari za kilima na za wapiga mishale, na kwamba katika waliokimbia siku ile walikuwamo watu wema ambao baadaye walitenda makubwa, na kwamba Kurani yenyewe imetaja kuwa walisamehewa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hayo wameyaandika? Kwamba walikimbia?" Tukamjibu, wameyaandika, mzee, na watoto wanafundishwa. Akakaa kimya, halafu akasema, "Basi niandikie na mimi."

Hilo ndilo jibu letu. Raha ya kusoma habari za vita ni halali ikiwa ina adabu: msomaji aulize ni nani aliyebeba mzigo, asichanganye ubunifu na ushahidi, na kabla ya kukifungua kitabu awe tayari kukifunga na kumsikiliza aliye karibu naye. Kitabu kilichoandikwa kwa ukweli, chenye ushindi na kukimbia ndani yake, kinaweza kumfungua mdomo mtu aliyeufumba kwa zaidi ya miaka 40.

Sasa tunawageukia ndugu zetu watumishi wa Serikali. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo amekwisha kupita 65. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanazikwa kila wiki, Kibondo na Kasulu, Unguja na Pemba, kwani visiwa navyo vilitoa wanawe. Waliobeba mizigo ya 1916 wamekwisha wote, na wajukuu wao waliosikia kwa masikio yao nao ni wazee. Kuyaandika hayo hakuhitaji mfadhili. Kila skuli ya sekondari ina wanafunzi, kila mwanafunzi ana daftari, na kila kijiji kina mzee. Walimu wa historia na wa Kiswahili wakikubaliana, na Maofisa Elimu wa Wilaya wakitoa idhini, kazi inaweza kuanza muhula ujao. Skuli tulizozitembelea huku zina rafu zenye vitabu vya mitihani tu. Vitabu vitano vya riwaya za kihistoria kwa kila skuli si gharama ya kuitisha kikao. Na waandishi wetu wa visiwani, ambao hawana upungufu wa kipaji, tunawaomba waje bara wasikilize, kama msafara ule wa Peponi ulivyokuja, ila safari hii wasije kununua pembe.

Mzee tulimwandikia. Ilichukua jioni tatu. Jioni ya mwisho alitutajia jina la mwenzake, jina la baba yake, na mahali ilipokuwa nyumba yao, ambapo sasa pamebaki migomba. Akatutaka tumsomee tulivyoandika ahakikishe kwamba herufi ni sawa. Jina hilo hatulitaji hapa, kwa kuwa ni la jamaa zake kwanza kabla ya kuwa la gazeti. Lakini limo katika daftari, na daftari lipo. Lingalikuwa jema lisiwe peke yake.